Majalada Kumi na Tisa

Msalato, Dodoma
3 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba Eliakimu,

Shikamoo. Natumaini nyonga imepunguza maumivu na kwamba binti yako Ruthu anakutembeza kila asubuhi hata ukimnunia. Mimi mwili ni mzima. Vumbi la barabara mpya linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, na bado najifunza kupika chakula cha mtu mmoja.

Simu yangu ilipasuka kioo, iko kwa Matonya, fundi wa hapa senta. Na hata ingekuwepo, wewe husikii tena simu. Kwa hiyo bahasha hii nimempa Denis, kondakta wa basi la Kondoa.

Mjomba, kompyuta ya marehemu Castory inanitia hofu. Asubuhi inawaka vizuri. Ikifika alasiri inaganda: picha inasimama, kipanya hakisogei, ubonyeze unachobonyeza haisikii. Nachomoa waya ukutani ndipo inazima. Siku sita mfululizo, na kila mara ni saa tisa na dakika chache. Unajua mume wangu alikata roho saa ngapi. Bibi Anyesi, jirani yangu, alikuwepo juzi ilipoganda. Akachukua fimbo yake. "Penina, mwenye kitu chake hataki kiguswe," akasema, akaondoka bila kumaliza chai. Na bibi Anyesi haachagi chai.

Tena inaandika kwamba diski imejaa. Sijui imejaa nini, kwa maana tangu Juni hakuna aliyeweka kitu. Ninaitunza sana: nimeifunika yote, sanduku na kioo chake, kwa kile kitambaa cheupe alichofuma mama, vumbi lisiingie.

Ndani kuna kazi za Castory ambazo lazima nizipate kabla ya tarehe 26 Oktoba. Nisaidie.

Mpwa wako,
Penina


Kondoa
7 Septemba 2024

Mpwa wangu Penina,

Marahaba, mwanangu. Nyonga ni ile ile. Ruthu ameficha kiti changu ili nitembee kukitafuta, na nimekipata bafuni. Pole kwa upweke. Pika cha watu wawili, umwite Anyesi. Mwenye kuogopa pamoja na mwenzake huogopa nusu.

Sasa kwanza tuondoe mzimu, kisha tuondoe vumbi.

Nilifundisha vijana mambo haya miaka ishirini na miwili chuoni, na kila mwaka nilianza na neno moja: kabla hujauliza mashine ina nini, uliza chumba kina nini. Chumba cha Castory kina dirisha la magharibi. Saa tisa jua linakaa juu ya meza ile kama mgeni asiyeaga. Ndani ya sanduku la kompyuta kuna ubongo, na juu ya ubongo kuna feni ndogo ya kuupoza. Ubongo ukizidiwa na joto husimama, kama punda wa maji anayekataa mlima mchana. Na punda huyo wewe umemvika blanketi. Dada yangu alifuma vizuri, Mungu amrehemu, lakini hakufuma kitu cha kupumulia.

Fanya hivi. Toa kitambaa. Chomoa waya wa umeme, ngoja kidogo, kisha fungua skrubu mbili za nyuma na uvute ubavu wa sanduku. Utaona vumbi limelala kama manyoya ya kuku. Lisugue taratibu kwa brashi laini ya rangi, mpya, kisha lipulize kwa pampu ya baiskeli. Unapopuliza feni, izuie isizunguke kwa kijiti. Kuna kijiti cha kumbukumbu kimesimama pembeni, kina meno ya rangi ya dhahabu. Kichomoe, sugua meno hayo kwa kifutio cha penseli, ukirudishe hadi kilie "tak". Kisha hamisha meza, mpe jua mgongo.

Kuhusu diski kujaa: kompyuta hukusanya takataka hata mwenyewe akiwa amelala. Futa faili za muda, futa filamu za zamani, mwaga pipa la taka lililo kwenye kioo. Na usichomoe tena waya ukutani ikiwa inafanya kazi. Ikiganda, kandamiza kitufe cha kuwashia uhesabu hadi kumi.

Ukimaliza niambie. Usiogope.

Mjomba wako,
Eliakimu


Msalato
15 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Huku tumeamka salama. Nisalimie Ruthu sana, na akifiche kiti mbali zaidi.

Nilifanya yote. Ndani nilikuta vumbi la kujaza kikombe, na mjusi mkavu aliyekufa zamani, amekumbatia waya. Bibi Anyesi alimtazama akasema, "Kumbe ndiye aliyekuwa anakataa." Tulicheka, Mjomba. Mara ya kwanza tangu Juni. Siku nne saa tisa ilipita na mashine ikaendelea.

Siku ya tano ikaanza kulia. Si feni. Ni ndani kabisa: kt, kt, kt, kimya, kt. Sasa inaganda hata asubuhi na baridi yake. Kufungua jalada moja ni muda wa kuchemsha maharage, na mengine hayafunguki.

Nikwambie nilichokuficha. Unajua makaburi yetu yalihamishwa mwezi wa nne kupisha barabara, wewe ukiwa hospitalini. Castory ndiye aliyesimamia kwa niaba ya ukoo. Makaburi kumi na tisa. Kila nyumba ilishuhudia wake akitolewa, lakini kuzika upya kulifanyika siku moja, masanduku yanafanana, na juu ya kila kaburi Castory aliweka kibao chenye namba tu. Alisema jina la mtu haliandikwi kwenye mbao za maboksi. Majina yataandikwa kwenye mawe, kwa heshima. Kisha akafa kabla ya mawe.

Majina yalikuwa mahali pawili. Kwenye kompyuta, kila namba na jalada lake, picha na maelezo. Na kwenye daftari lake dogo. Daftari lilikuwa mfukoni mwa koti lake la kazi. Wazee walimzika na koti lile kwa sababu alilipenda, na hakuna aliyepapasa mifuko. Mimi mwenyewe nilikumbuka siku ya tatu. Siwezi kumfukua mume wangu, Mjomba. Nimekwisha fukua watu wa kutosha mwaka huu.

Sikukuambia kwa sababu mama alitukataza kuhesabu makaburi kwenye barua. Alisema ni kuyaita mengine. Pia niliona aibu. Tarehe 26 Oktoba ukoo wote unakuja kusimika mawe, na kila nyumba itaniuliza: wetu yuko wapi? Wakubwa huenda mtu akakumbuka mmoja wawili. Lakini kuna matano madogo, ya watoto. Bibi Anyesi ana Yudith wake pale, alikufa na miaka mitatu. Kila siku anapita dirishani: "Hilo sanduku lenu limetapika namba ya mwanangu?"

Matonya anasema diski ina madoa, inahitaji kukaguliwa yote na kurekebishwa. Ana programu. Atakuja Jumapili ijayo kuiwasha, ifanye kazi kutwa nzima.

Mpwa wako,
Penina


Kondoa
17 Septemba 2024

Penina,

Marahaba. Salamu nyingine baadaye.

Izime. Usiwashe tena. Matonya asiiguse.

Nilikosea. Nilitibu joto, na joto lilikuwepo kweli, lakini chini yake kulikuwa na ugonjwa mwingine wenye dalili zile zile. Kompyuta inayoganda alasiri ina homa. Inayoganda asubuhi na kulia kt kt diski yake inakufa.

Ndani ya diski kuna sahani inayong'aa inayozunguka kwa kasi, na mkono mwembamba unaoelea juu yake bila kuigusa, unasoma. Mkono huo umechoka. Kila ukiwasha, unapapasa, unakosa, unarudi, na unaweza kuikwaruza sahani yenyewe. Ukikwaruza, kilichokuwa pale hakipo tena duniani. Ukaguzi wa Matonya ni mzuri kwa diski nzima. Kwa diski inayokufa ni kumkimbiza mgonjwa mlimani ili umpime mapigo. Unapofikia hapo hukagui, hufuti, huongezi kitu. Unanakili kwanza, kidogo kidogo, halafu ndipo unauliza maswali.

Diski ni lile boksi la chuma la ukubwa wa daftari dogo. Nyaya mbili, skrubu nne. Itoe, ifunge kwenye kitambaa cha mama yako, na uilete mwenyewe mapajani. Usimpe Denis. Denis hurusha hata mayai.

Nilimwambia Ruthu akutumie ujumbe, ndipo nikakumbuka simu yako iko kwa Matonya huyo huyo, na Ruthu hana namba nyingine ya huko. Barua hii inaondoka na basi la leo.

Mjomba wako


Kondoa
28 Septemba 2024

Mpwa wangu Penina,

Uko salama? Basi limepita mara nyingi sasa. Denis ananitikisia kichwa kabla hajashuka.

Naomba hata mstari mmoja. Kama Jumapili ile imepita na mlifanya nisivyotaka, niambie tu, sitakufokea. Mimi ndiye niliyekuambia ufute na umwage kabla sijauliza kilichomo. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningempa sifuri.

Na mimi nina nilichoficha. Uliandika makaburi matano madogo. Mojawapo ni la Luka, mwanangu wa kwanza. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Alikuwa na miaka sita, mimi nikiwa masomoni Dar es Salaam. Aliugua surua. Mama yako aliniandikia nije haraka. Barua ilizunguka siku kumi na moja; nilipoifungua, mtoto alikuwa na siku nane kaburini. Niliporudi alinionyesha kichuguu chini ya ua wa minyaa, cha tatu kutoka kona. Ua huo nimeambiwa umeng'olewa. Kwa hiyo sasa mahali pa Luka hapajulikani na mtu yeyote aliye hai, ila hilo boksi la chuma.

Sikumtaja kwa sababu nilitaka nikupe maelekezo kama fundi, si kama baba. Mkono wa baba hutetemeka.

Niandikie.

Mjomba wako,
Eliakimu


Msalato
2 Oktoba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe. Mimi ni mzima, ila silali vizuri.

Barua yako ya tarehe 17 ilinifikia tarehe 24. Basi lilikatika ekseli njiani, na Denis alibaki na mizigo. Matonya alikuwa amekwisha kuja Jumapili ya tarehe 22. Aliwasha ukaguzi baada ya ibada. Ulifika asilimia arobaini na moja ukaganda. Sauti ikawa kubwa, kama mtu anayegonga ukucha mezani. Akasema tuiache itajirekebisha. Tuliiacha hadi kesho yake. Nilipoizima na kuiwasha, iliandika kwamba haioni diski yoyote.

Matonya alikusanya bisibisi zake, akasema, "Mama, mimi ni wa simu." Ndipo alipoona aseme.

Halafu ikaja barua yako, na sikuwa na ujasiri wa kuijibu. Nilipofika kwenye jina la Luka katika hii ya pili, nilijikuta nafuta macho kwa khanga. Bibi Anyesi aliniuliza kulikoni. Nilimdanganya kwamba ni mafua.

Nimeitoa diski kama ulivyoeleza. Iko kwenye kitambaa. Nakuja nayo Jumamosi. Watu wa ukoo wameanza kutuma salamu kwamba watafika. Mjomba, nitawaambia nini?

Mpwa wako,
Penina


Kondoa
19 Oktoba 2024

Mpwa wangu Penina,

Natumaini ulirudi salama na kwamba chai ya Ruthu haikukuumiza tumbo. Sisi hatujambo.

Diski imesomeka. Kompyuta imetoa majalada yote kumi na tisa. Orodha nimeiandika kwa mkono kwenye karatasi iliyomo humu, namba na jina, moja hadi kumi na tisa. Mpe fundi mawe achonge.

Yudith wa Anyesi ni namba 16. Luka ni 17.

Sitaweza kuja, daktari amekataa safari. Simama kwa Luka badala yangu. Mwambie baba yake anasema barua ilichelewa.

Mjomba wako,
Eliakimu


Kondoa
Ijumaa, 25 Oktoba 2024

Mwanangu Penina,

Nakusalimu nikiwa na afya ya mwili tu. Soma barua hii hadi mwisho kabla hujatoka kwenda makaburini.

Umeona barua yangu iliyopita haikuwa na maelezo? Mimi bila maelezo ni dalili ya ugonjwa. Sasa nieleze, kama ilivyo kawaida yangu.

Ulipoondoka niliiacha diski itulie siku mbili mahali pa baridi, karibu na mtungi. Kisha niliiunga kwenye mashine yangu, nikaielekezea feni, nikatumia programu inayonakili bila kubishana: ikikuta mahali pagumu inaruka, inaendelea, inarudi baadaye. Sisikii, kwa hiyo niliweka vidole juu ya chuma, nikaisikiliza kwa vidole. Siku ya kwanza ilitoa majalada sita. Siku ya pili matano. Siku ya tatu matatu. Jumla kumi na manne. Castory alikuwa amepanga wakubwa kwanza, watoto mwishoni. Nilipoanza la kumi na tano, chini ya vidole vyangu kitu kilikwaruza, kisha kikatulia. Haijazunguka tena tangu hapo. Nimejaribu kila nililofundisha na mengine ambayo sikuthubutu kufundisha.

Kumi na manne ya mwanzo ni ya kweli. Nimeona picha zake kwa macho yangu. Matano ya mwisho niliyaandika mimi.

Nilimfikiria Anyesi dirishani kwako. Nikasema, nani ataumia? Mama mzee ataweka shavu kwenye jiwe lenye jina la mwanawe, na mifupa haibishani. Watu wataamini kwa sababu kompyuta imesema, na kwa kuwa aliyeisoma ni Mwalimu Eliakimu. Miaka yangu yote darasani nilijenga imani hiyo, nikaitumia siku moja. Nikampa Yudith 16. Luka nikampa 17, katikati, ili awe na wenzake pande zote mbili, asiogope. Hiyo ndiyo sababu pekee. Hakuna nyingine.

Tangu nimtume Denis na orodha ile, sijala vizuri. Nikikaa naona watu wamesimama mbele ya mawe, kila mmoja anamlilia mtoto wa mwenzake, na mimi pekee ndiye ninayejua. Na baya zaidi, Penina: kufikia jana nilikuwa nimeanza kuamini. Nilijikuta namwambia Ruthu, "Luka yuko 17," nikaona raha moyoni. Nikaogopa. Diski ikikosea huandika kwamba imekosea. Mimi sikuandika.

Kwa hiyo fanya hivi, ninakuomba. Kesho mwambie fundi asitie saruji kwenye yale matano madogo. Mawe yenye majina ya watoto yasimikwe yote pamoja, mahali pamoja, katikati ya makaburi matano, na wazazi wasimame kwa wote. Wasomee barua hii. Waambie ni mimi. Anyesi akitaka kunipiga fimbo, nyonga yangu nyingine bado nzima.

Ningetuma ujumbe, lakini simu yako bado iko kwa Matonya, na Matonya husoma kila kinachoingia. Jambo hili halifai kutangulia kinywani mwa mtu mwingine. Bahasha nimempa Denis mkononi, nimemwambia ikufikie leo leo.

Mjomba wako, aliyekosa,
Eliakimu


Msalato
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Mpendwa Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Leo naandika nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua kuni.

Mawe yamesimama, yote kumi na tisa! Walikuja watu kutoka Kongwa, Mpwapwa, hata mjukuu wa babu Matayo kutoka Mwanza ambaye hakuna aliyemtegemea. Nilisoma orodha yako kwa sauti, namba kwa jina, na kila nyumba ikaenda ikasimama kwenye lake. Hakuna aliyeuliza swali. Mzee Chilewa alisema, "Kama Mwalimu ameiona kwenye mashine, basi imekwisha." Fundi alitia saruji nzito, ya kushinda mvua za miaka mingi. Amesema hata trekta haiwezi kuyang'oa.

Bibi Anyesi hakulia mwanzoni. Alizunguka namba 16 mara mbili, akagonga jiwe kwa fimbo kama anayebisha hodi. Kisha akalala chini, mwili mzima, shavu kwenye jina. Tulimwacha. Alipoinuka aliniambia, "Miaka hamsini na moja nilikuwa namwota anatembea. Jana usiku kabla ya kuja, niliota amekaa." Leo asubuhi amekuja kunywa chai, akamaliza, akaomba nyingine.

Kwa Luka nilisimama mimi. Nilifagia, nikaweka kikombe cha maji. Nikamwambia ulivyoniagiza, polepole ili asikie: baba yako anasema barua ilichelewa.

Denis yuko mlangoni sasa hivi, basi limewasha injini, ananihimiza niifunge bahasha hii. Ameniletea nyingine kutoka kwako. Anaapa alipewa Ijumaa, lakini alishuka njiani kwa msiba wa shangazi yake na bahasha ikabaki kwenye koti. Nimemsema sana. Anacheka tu, "Mama Penina, barua haiozi."

Nimeiweka chini ya kitambaa cha mama, juu ya meza. Sitaki kuisoma mbiombio. Jioni bibi Anyesi anakuja, na watu wa ukoo ambao bado hawajaondoka. Nitaifungua hapo, niwasomee wote kwa sauti.

Mpwa wako akupendaye,
Penina